Lugha tunayonunulia kompyuta

Mwezi Agosti mwaka jana dada yangu alinipigia simu jioni, sauti yake imejaa furaha na hofu kwa mpigo. Kitindamimba wake alikuwa ameitwa kujiunga na chuo kikuu. "Wewe ndiwe msomi kwetu," akaniambia, "mtafutie huyu mtoto kompyuta ya maana. Pesa nitakutumia kesho." Dada yangu ni mkulima wa majani chai, na kwake usomi hauna matawi: aliyesomea isimu hana budi kujua kompyuta, dawa za ng'ombe na sheria za ardhi. Sikumkatalia. Nilichukua karatasi ambayo mpwa wangu alikuwa ameandikiwa na wenzake waliomtangulia chuoni, maneno machache tu, "memori isipungue 8", nikateremka hadi Luthuli Avenue jijini Nairobi.

Anayeijua barabara hiyo hahitaji maelezo. Asiyeijua na awaze vijiduka vyenye upana wa kitanda, spika zinazoshindana kwa kelele, na marundo ya vipakatalishi vilivyokwisha kutumika ng'ambo, vikapigwa msasa na kuuzwa hapa kwa jina la "ex-UK", hata vile ambavyo havikuwahi kuiona Uingereza. Kijana aliyenihudumia alikuwa mchangamfu na mwenye adabu. Alifungua mashine moja nyeusi, akaigonga mgongoni kama anayepima tikitimaji, akasema: "Hii iko sawa kabisa, mzee. Core i5, memori mia tano."

Mia tano! Nami nimetumwa nane. Nililipa Sh28,000 bila kubembeleza bei, nikaondoka upesi nikichelea kwamba yule kijana angegundua kosa lake.

Wiki tatu baadaye mpwa wangu akapiga simu. "Mjomba, hii laptop ina-hang vibaya. Nikifungua Word na Chrome pamoja naenda kupika chai, narudi bado inazunguka tu." Nikamwambia aje nayo wikendi.

Katika ploti ninakoishi, Kahawa Wendani, yupo kijana wa jirani ambaye chumba chake kimejaa nyaya, vifeni na maganda ya kompyuta yasiyo na matumbo. Yeye na wenzake wawili si mafundi wa kulipwa. Ni mashabiki tu. Wanapenda kompyuta vile wengine wanavyopenda kandanda: wanajua vichakataji kwa majina na namba za jezi, na wanaweza kubishana hadi usiku wa manane kuhusu mfumo upi ni bora. Kijana aliiwasha ile mashine, akabonyeza vitufe viwili vitatu, akacheka.

"Mwalimu, hii RAM ni nne tu."

"Mimi niliambiwa memori ni mia tano."

"Hiyo mia tano ni ya diski."

Ewe msomaji, mimi nimefundisha semantiki kwa miaka mingi. Nimewasahihisha wanafunzi kwa wino mwekundu walipochanganya polisemia na homonimia. Na hapo nilikuwa nimekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, nimeuziwa neno.

Nilikuwa tayari kumlaani yule muuzaji, lakini nilipolitafakari jambo lenyewe niliona kwamba hakunidanganya. Wengi wetu tulilizoea neno memori kupitia kwa ile kadi ndogo ya simu, "memori kadi", ambayo kazi yake ni kuweka picha, nyimbo na mahubiri. Ukiulizwa simu yako ina memori ngapi, wajibu kwa kutaja nafasi ya kuweka vitu. Kwa mantiki hiyo diski ya gigabaiti 500 ni memori 500, kweli tupu. Ila katika lugha ya wanaotengeneza kompyuta, memori ikitajwa peke yake bila kivumishi, aghalabu hukusudiwa RAM. Waliomwandikia mpwa wangu karatasi walitumia maana hii ya pili; muuzaji akanijibu kwa maana ya kwanza. Neno moja, vitu viwili, na katikati yake pesa za majani chai ya dada yangu.

Je, Kiswahili kingeniokoa? Hapa ndipo ninapotaka tutulie kidogo. Neno tunalolitumia kutafsiri memori ni "kumbukumbu". Ni neno zuri, limezaliwa na kitenzi "kumbuka" na kuradidiwa, lakini angalia linavyotanda. Mtu akipata ajali akasahau jina lake, tunasema amepoteza kumbukumbu: hapo ni kitu cha kichwani. Katibu wa chama akiandika yaliyojadiliwa, zile karatasi ni kumbukumbu za mkutano: hapo ni kitu kilichowekwa kwenye faili kisipotee. Sherehe za kumkumbuka marehemu ni kumbukumbu. Kwa hivyo yule kijana angeniambia kwa Kiswahili sanifu kabisa, "Bwana, hii ina kumbukumbu mia tano," ningelipa vivyo hivyo na kutabasamu zaidi. Tumetafsiri neno pamoja na utata wake.

Tofauti yenyewe si ngumu. Nje ya ploti yetu kuna mama mboga. Ana magunia chini ya kibanda, na juu ana ubao anaokatia sukuma wiki. Magunia ndiyo diski: ukubwa wake waonyesha ana bidhaa kiasi gani. Ubao ndio RAM: ukubwa wake waonyesha anaweza kuhudumia wateja wangapi kwa wakati mmoja. Mwenye magunia kumi na ubao wa kiganja atachelewa tu. Akianza kumkatia mteja wa pili lazima aondoe kwanza mboga za wa kwanza, azirudishe chini, kisha ainame tena kuzichukua. Hivyo ndivyo kompyuta ifanyavyo RAM inapojaa: huhamishia sehemu ya kazi kwenye diski, na kwa kuwa diski ni ya polepole kuliko RAM, mpwa wangu akaenda kupika chai. Na jioni mama mboga anapofunga, ubao hufutwa ukabaki mtupu, magunia yakabaki na vilivyomo. Umeme ukikatika, kilichokuwa kwenye RAM kimekwenda. Kilichoko kwenye diski kipo. Ndiyo maana insha isiyohifadhiwa hupotea.

Nimetumia neno "isiyohifadhiwa" kwa makusudi. Kwa diski tunalo tayari neno "hifadhi", na simu zinazotumia menyu za Kiswahili zinalitumia: zinakuonya kwamba nafasi ya hifadhi imejaa. Msomaji wa Pwani atanikumbusha kwamba kuhifadhi Kurani ni kuiweka kichwani, kwa hivyo hata neno hili lina mguu mmoja ndani ya kumbukumbu. Kweli. Lakini aliyehifadhi Kurani hakuishika kwa muda wa kazi moja kisha ikafutika alipolala. Wazo la kubaki limo ndani ya neno, na hilo ndilo tunalolitaka. Basi diski iwe hifadhi, na RAM, kwa wasiotaka kuiita RAM, iwe "kumbukumbu ya kazi". Nilipowapa wale vijana pendekezo langu, mmoja akasema kwa heshima zote, "Iko poa, Mwalimu, lakini ni ndefu."

Ni ndefu, ndiyo. Lakini kosa letu si urefu wa maneno. Kwa miaka mingi sisi tunaojiita walezi wa lugha tumetumia nguvu zetu kubishana kuhusu jina la mashine nzima. Ni tarakilishi? Ni ngamizi? Ni kompyuta? Nimeketi katika makongamano ambamo watu wazima walikaribia kushikana mashati kwa sababu ya maneno hayo matatu. Tarakilishi, kama inavyoelezwa kwa kawaida, imeundwa kutokana na tarakimu na akili, na shuleni mtoto hupata alama kwa kuijua. Hakuna ubaya. Lakini hakuna mtu aliyewahi kupoteza pesa kwa kutojua kama anachonunua ni tarakilishi au ngamizi. Jina la mashine nzima ndilo neno lisilo na hatari. Hatari imo katika majina ya vilivyomo ndani, na huko ndiko tulikomwachia muuzaji.

Kwa maoni yangu kompyuta imeshinda, na haina haja ya kuomba msamaha. Inakubali viambishi vya I-ZI bila taabu na kila mtu anaielewa. Ila ninalipenda neno kipakatalishi, kwa sababu ya kile kitenzi "pakata". Kupakata ni kumweka mtoto mapajani. Yeyote aliyewahi kuandika tasnifu usiku anajua kwamba hilo ndilo lifanyikalo.

Turudi chumbani. Kijana alitoa bisibisi, akaigeuza mashine kifudifudi na kuanza kazi, nami nikawa nasikiliza. Lugha yao ilikuwa mchanganyiko wa Kiswahili, Kiingereza na Sheng, kama ilivyo kwa vijana wote wa Nairobi. Majina ya vitu yalikuwa karibu yote ya kigeni. Lakini vitenzi! "Chomoa ile ya zamani." "Chomeka hii." "Usiifunge bado." "Washa tuone." "Imekubali?" "Inasoma nane." Ni Kiswahili kitupu, na si cha kamati.

Chukua chomeka na chomoa. Kimoja ni kutia kitu chembamba mahali kikakaa, kingine ni kukitoa. Ndani ya vitenzi hivi mna ile kauli yetu ya kutendua, ambayo ni miongoni mwa johari za sarufi ya Kiswahili: funga na fungua, kunja na kunjua, tega na tegua. Ndiyo iliyotupa pakia na pakua. Mizigo hupakiwa kwenye chombo na kupakuliwa, chakula hupakuliwa kutoka chunguni kikaja sahanini. Leo faili hupakiwa mtandaoni na kupakuliwa kutoka huko, na hakuna mtu anayehitaji kufafanuliwa. Mbona jambo hili limefaulu ilhali mengi yamekwama? Kwa sababu maneno hayo hayakuundwa. Yalikuwapo jikoni na bandarini, yakapewa kazi ya ziada.

Linganisha na jozi ninayoiona kwenye simu yangu. Kuweka programu mpya naambiwa "sakinisha". Ni neno la heshima: kusakini ni kukaa mahali, kwa hiyo kusakinisha programu ni kuipa makazi. Lakini nikitaka kuiondoa naambiwa "sanidua", ambayo imetokana na "sanidi", kitenzi kingine kabisa. Nimempangisha mtu nyumba kwa jina moja na kumfukuza kwa jina jingine. Kwani "ondoa" ina kasoro gani?

Kijana alichomoa vitu viwili. Kwanza aliongeza kipande cha RAM, nne zikawa nane. Pili alitoa ile diski ya mia tano niliyoifurahia na kutia SSD ya gigabaiti 256. Nikauliza kwa nini tunapunguza. Akanieleza kwamba diski ya zamani ina sahani inayozunguka, mara nyingi mizunguko 5,400 kwa dakika kwenye vipakatalishi, na kijimkono kinachotafuta data huku na huku kama sindano ya santuri. SSD haina kinachozunguka. Diski kama ile husoma kiasi cha megabaiti 100 kwa sekunde. SSD ya kawaida husoma kama 500, na katika kazi ya kuokotaokota vipande vidogo vilivyotawanyika, ambayo ndiyo kazi ya kompyuta mchana kutwa, tofauti ni kubwa zaidi. Vyote viwili havikufika Sh8,000, kwa sababu vilikuwa vya mtumba na kijana hakutoza cha kazi.

Baadhi ya vitabu huiita ile diski ya zamani "diski ngumu". Zamani kulikuwa na diski nyingine zilizopindika, ndipo ugumu ukawa sifa ya kutofautisha. Zilizopindika zimekwisha kutoweka, ugumu umebaki ukining'inia bila mwenzake. Mpwa wangu aliposikia jina hilo alidhani ni diski iliyo ngumu kutumia.

Hapo mashine ikawa nyepesi. Nikashika mkoba niende zangu, kumbe kazi ilikuwa ndiyo kwanza inaanza.

"Mwalimu, kuna hii stori ya Windows 10," kijana akasema. "Mwezi wa kumi inakatiwa."

Naieleza hapa kwa kuwa najua wengi wenu mna mashine kama ile. Windows 10 ilitoka Julai 2015, na Microsoft ilitangaza kwamba msaada wake ungekoma tarehe 14 Oktoba 2025. Haimaanishi kwamba kompyuta huzima siku hiyo. Maana yake ni kwamba viraka vya usalama havitolewi tena kama kawaida. Kiraka, ndiyo, kile kile cha kaptula ya shule: tundu likionekana kwenye programu, kampuni hushona kipande na kukutumia. Bila viraka matundu hubaki wazi, na wezi wa mtandaoni wanayajua. Mwenye kompyuta ya nyumbani aliweza kujiandikisha apate viraka kwa mwaka mmoja zaidi, hadi Oktoba 2026. Baada ya hapo ahamie Windows 11. Lakini Windows 11 ina masharti: inataka kijenzi cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na kwa upande wa Intel inatambua, isipokuwa vighairi vichache, vichakataji vya kuanzia kizazi cha nane, vilivyoanza kuuzwa mwaka 2017. Yetu ilikuwa ya kizazi cha sita. "Core i5", alivyosema muuzaji, lakini i5 ni jina la ukoo tu. Umri husomwa kwenye tarakimu zinazofuata. 6300 ni ya kizazi cha sita, 8350 ni ya nane. Laiti ningalijua hapo dukani.

Vijana wakagawanyika. Mwenye chumba alikuwa wa Linux. "Tuweke Mint, Mwalimu. Ni ya bure." Mwenzake akamkatiza: "Hata Windows ni ya bure. Mimi nikiweka natumia activator tu, inakubali." Wa tatu alikuwa anakula mandazi.

Mwaona? Ni bure na bure. Nilipolisikia neno hilo likitumiwa na pande zote mbili nikajua nimepata pa kuingilia, maana hapa, tofauti na kumbukumbu, Kiswahili kina silaha ambayo Kiingereza hakina.

Mwaka 1983 Mmarekani Richard Stallman alitangaza mradi wa GNU, wa kutengeneza programu ambazo kila mtu angeruhusiwa kuzitumia, kuzichunguza, kuzibadilisha na kuwapa wengine. Mwaka 1991 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Linus Torvalds, akaanzisha kiini kiitwacho Linux, na viwili hivyo vikikutana ndivyo vinavyoendesha mashine nyingi duniani leo. Shida ya Stallman ilikuwa lugha. Kivumishi alichokichagua kwa Kiingereza kina maana mbili, "huru" na "bila malipo", na ametumia miaka na mikaka kuwaeleza watu kwamba alikusudia ile ya kwanza. Angalikuwa Mswahili asingalipata taabu. Sisi tuna "bure" na tuna "huru", na hakuna mtoto anayeyachanganya. Tena tuna "huria", ambayo inafaa kupita kiasi. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kipo na wanafunzi wake hulipa karo. Soko huria lipo na hakuna anayegawiwa kitu humo.

Basi Linux Mint ni programu huria, na pia ikawa ni bure. Windows aliyoisema yule mwenzake, iliyofunguliwa kwa programu ya kuvunjia kufuli, ni bure bila kuwa huria. Ni mali ya mtu iliyochukuliwa. Nisingependa kuhubiri, kwa kuwa najua bei ya leseni na najua mishahara yetu. Hoja yangu ni ya hadhari. Ile programu ya kuvunjia kufuli imeandikwa na mtu asiyejulikana, nawe unaipa mamlaka yote juu ya mashine yako na kuzima ulinzi ili ipite. Virusi vingi huingilia mlango huo. Kijana wa mandazi hapo ndipo alipofungua kinywa na kusema kwamba laptop yake ilikufa kwa njia hiyo, insha zote na picha za marehemu nyanya yake.

Mint imejengwa juu ya Ubuntu, mfumo ulioanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Nikawauliza vijana kama wanajua maana ya jina hilo. Walijua ni la Kiafrika, basi. Nikawaandikia kwenye kipande cha karatasi: Kizulu umuntu, Kikuyu mũndũ, Kiswahili mtu. Mzizi ni ule ule, -ntu, ila Kiswahili kimedondosha n. Kwa hiyo ubuntu ni utu. "Kumbe tumekuwa tukiinstall utu!" akasema mwenye chumba, na nadhani hiyo ndiyo siku aliyonisamehe kwa kuwa mwalimu wa lugha.

Mwaka huo huo wa 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux uliowashirikisha wataalamu kutoka Uswidi, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia na kupigia hesabu yenye menyu za Kiswahili. Hawakuhitaji kumpigia magoti mwenye programu, kwa sababu ilikuwa huria. Microsoft nayo ilikuja kutoa menyu za Kiswahili za Windows na Office. Kwa hivyo hatuna kisingizio kwamba hakuna kilichojaribiwa.

Tulimwachia mpwa wangu uamuzi, maana mashine ni yake. Akauliza maswali matatu: je, itafungua kazi za mhadhiri, itaingia kwenye tovuti ya chuo, na italeta filamu? Jibu lilikuwa ndiyo, na kwa swali la kwanza, ndiyo lakini. Mint huja na LibreOffice, ambayo husoma faili za Word, ila majedwali na nafasi huweza kusogea kidogo. Kazi ya kuwasilisha ni heri iwe PDF. Akakubali. Kijana akapakua mfumo, akauchoma kwenye flashi (wanasema "choma" hata pasipo moto wala sidii), akasakinisha. Ilichukua nusu saa hivi.

Nikataka kumwekea menyu za Kiswahili. Nitawaambia ukweli: zilitoka nusu Kiswahili, nusu Kiingereza, kama matatu iliyopakwa rangi upande mmoja. Alitazama dakika mbili akasema, "Mjomba, tafadhali rudisha Kiingereza." Sikumlaumu. Maneno aliyokutana nayo hakuwahi kuyasikia kinywani mwa mtu.

Kilichobaki ni orodha ya maneno ya Kiswahili ya kukagua tahajia, ambayo LibreOffice inayo. Yeye anasomea ualimu wa Kiswahili na Jiografia, na kwa mara ya kwanza aliona ukurasa wa Kiswahili usiotapakaa mistari myekundu. Mistari iliyobaki ilinifunza jambo. Ilikuwa chini ya vitenzi. Mbinu ya kukagua tahajia kwa orodha inafaa lugha kama Kiingereza, ambamo kitenzi kina maumbo manne matano. Cha Kiswahili hubeba nafsi, njeo, yambwa, kauli na ukanushi ndani ya neno moja: anapika, hawatatupikia, asingalipikiwa, waliompikisha. Zidisha viambishi hivyo upate maelfu ya maumbo kutokana na mzizi mmoja, -pik-. Huwezi kuyaorodhesha yote. Lazima programu ifundishwe kanuni. Na anayezijua kanuni hizo si mhandisi wa California. Ni mimi na wewe tuliozikariri kidato cha tatu.

Januari mwaka huu nilirudi Luthuli, safari hii kwa ajili yangu mwenyewe, kwa kuwa wivu ni kitu kibaya na mashine ya mpwa wangu sasa yaipita yangu kwa mbali. Sikwenda kwa yule wa kwanza. Nikamwuliza muuzaji, kwa sauti ya mtu anayejua anachokitaka: "Kizazi cha ngapi? Hifadhi ni ngapi na RAM ni ngapi?"

"Ni ya nane, mzee. RAM ni nane. Hifadhi ndiyo nini?"

"Pale pa kuwekea vitu visipotee."

"Aaa, memori! Memori ni mia tano kumi na mbili."

Nikaziandika namba zote mbili kwenye karatasi, kila moja na jina lake kando, ndipo nikatoa simu kulipa.